Kima hataki mapenzi yako, anataka wenzake

Haya ni maneno niliyoyasema Ukunda, kusini mwa pwani ya Kenya, mbele ya wazazi, wanafunzi na vijana wa boda. Nimeyaandika vile nilivyoyatoa mdomoni, ila pale muda uliponibana nimejazia kidogo.

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo wanangu. Na nyinyi vijana wa boda mlosimama kule kwenye kivuli sogeeni karibu, maana mengine ya leo ni yenu hasa.

Kazi yangu ni kulea kima. Na tumbili, na vitoto vya nyani, na kuluzu, yaani mbega, na komba akiletwa usiku na mtu alomuokota kando ya barabara. Nikisema hivo watu huuliza swali moja tu, nishalizoea hata halijatoka mdomoni nalijua: "Eti wanakupenda?" Leo nimekuja kulijibu hilo swali na jibu lenyewe ntalisema mapema ili mtu asije akaondoka katikati akalikosa. Mnyama akinipenda mimi, basi kazi yangu nimeiharibu. Namtaka anisahau. Namtaka siku moja anione mimi nimesimama chini ya mti apige kelele ya hatari akimbie. Najua inasikika vibaya lakini nivumilieni nieleze.

Nilikuwa na miaka tisa baba aliporudi kutoka shamba na kitoto cha tumbili ndani ya kikapu. Mamake alipigwa akila mahindi na kile kitoto kikabaki kimemng'ang'ania tumboni, mtu akakibandua akampa baba, baba akatuletea sisi watoto kama zawadi. Tulimwita Sefu. Tulimfunga kamba ya nailoni kiunoni, ncha nyingine kwenye mkwaju nyuma ya nyumba, na tukampa kila kitu tulichokula sisi, wali, mkate, chai ya sukari. Alikuwa akilala begani kwangu, akinitafuta chawa kichwani, wageni wakija wanacheka wanasema huyu ni mtoto wenu wa mwisho. Mi nilimpenda Sefu wallahi nilimpenda, na hakuna mtu nyumbani aliyemfanyia ubaya kwa kukusudia.

Akakua. Akafika ule umri ambao angekuwa porini angeshaliacha kundi alilozaliwa akaenda kutafuta kundi jingine, ndo desturi ya madume ya tumbili, majike yanabaki na mama zao na madume yanahama. Mwili unamwambia nenda, na sisi tumemfunga kamba ya mita tatu. Meno yakatoka marefu kama sindano za kushonea magunia. Siku moja mdogo wangu alimsogelea na ndizi, siku zote alikuwa akimpa ndizi, akamng'ata mkono mpaka nyama ikafunguka. Majirani wakaja na marungu. Sitaki kuwaeleza yaliyofuata mbele ya hawa watoto. Ila nataka mjue kitu kimoja nilichokiona baada ya kelele kuisha, walipomfungua ile kamba haikutoka. Ilikuwa imezama ndani ya nyama, kiuno kilikuwa kimekua na kamba iko pale pale tangu utotoni, na manyoya yalifunika hatukuona. Miaka yote ile alokuwa akilala begani kwangu alikuwa na kidonda.

Basi hiyo ndo shule yangu ya kwanza ya kazi hii. Vyeti vilikuja baadaye.

Sasa tuingie kituoni. Watu wengi hudhani kituo cha wanyama waliookolewa ni kama mahali pa maonyesho, unalipa kiingilio unalishwa karanga mkononi unapiga selfi. Kama umewahi kwenda mahali wakakupa mtoto wa kima umshike upige picha, hapo si kituo cha uokozi hata kibao chao kiseme nini. Kituo cha kweli kinafanana zaidi na wodi ya hospitali, asubuhi kazi inaanza saa kumi na moja na nusu, kuosha keji, kupika, kukata mboga, kuandika kwenye daftari nani amekula nani hakula, nani amenya vipi, ndio, tunaangalia kinyesi kila asubuhi maana mgonjwa hawezi kusema anaumwa.

Na wanaletwa kwa njia gani? Hapa kwetu Diani njia kubwa ni mbili, barabara na stima. Wazee hapa mnakumbuka msitu ulivyokuwa kabla ya hoteli kujazana, kima angeweza kutoka upande wa Kinondo akaja mpaka huku hajakanyaga chini. Leo msitu umekatwakatwa vipande kama mkate, hapa mti, pale ukuta, pale barabara, na juu nyaya zimepita. Mnyama hajui kwamba waya si tawi. Mtoto mmoja wa darasa la sita aliniuliza swali zuri sana wiki ilopita, akasema mbona ndege wanakaa kwenye waya na hawafi? Ndege akitua kwenye waya mmoja stima haina njia ya kupita mwilini mwake kwenda kwingine. Lakini kima ana mikono mirefu na mkia mrefu, anashika waya mmoja na huku mkia au mguu unagusa waya wa pili, au anashika waya na huku amekanyaga chuma cha transfoma, hapo stima imepata daraja na daraja lenyewe ni yeye. Asiyekufa anaungua. Vidole vinakauka, mkono unaoza, daktari anaukata. Nimeshika nyani aliyeungua mikono yote miwili na sitasahau jinsi alivyokuwa akiniangalia.

Ndo maana nawaambia ile kazi ya kukata matawi karibu na nyaya na kuzivalisha nyaya ganda la mpira si kazi ya upuzi. Na yale madaraja mnayoyaona juu ya barabara ya Diani, zile ngazi zilizolazwa zikaunganisha miti ya upande huu na upande ule, yaliwekwa na wenzetu wa Colobus Conservation, walioanza kazi hapa mwaka 1997 kwa sababu ya kuluzu waliokuwa wakigongwa na magari. Wakati ule shirika lao liliitwa Wakuluzu, jina la kwetu hilo, mtu wa pwani akilisikia anajua ni nani wanaozungumzwa. Kuluzu chini ni mzito, hajaumbwa kwa lami, akishuka kuvuka anaruka ruka tu na gari linamkuta. Waliyatengeneza kwa ajili ya kuluzu lakini kima nao wakayachukua, ukisimama pale asubuhi utawaona wanapita kwa foleni mama kaning'iniza mtoto tumboni. Vijana wa boda ombi langu kwenu ni dogo sana, mkifika chini ya zile ngazi punguzeni mwendo. Mmoja akivuka kwa chini jua kuna wengine nyuma yake, hawavuki peke yao.

Sasa mama akifa kwenye waya, mara nyingi mtoto anabaki hai amemshika. Na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo kazi yenyewe.

Kitoto kikiletwa kitu cha kwanza si maziwa. Watu wema huwa wameshampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko njiani, na nia yao nzuri inaniua, maana kitoto kilichopoa ukikipa maziwa tumbo halifanyi kazi. Kwanza joto. Unamuweka kifuani ndani ya kanga, ngozi kwa ngozi, mpaka mwili uwe na moto wake. Alafu maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo kwa sirinji. Alafu ndo maziwa ya mtoto, ya unga, na humlazi chali kama mwanenu, unamuweka kifudifudi amekushika kama vile angekuwa amemshika mamake, ukimlaza chali maziwa yanaingia kwenye mapafu anakufa na homa ya mapafu baada ya siku mbili na wewe ukidhani ulimshibisha. Kila saa mbili. Usiku pia. Kwa wiki kadhaa kuna mtu kituoni halali ila kwa vipande, na anatembea na kitoto kifuani, anapika nacho, anaswali kimelala pembeni kwenye kanga, kwa sababu mtoto wa kima mwezi wa kwanza haachwi na mamake hata dakika, ukimuweka kwenye boksi hata liwe na blanketi zuri namna gani anajikumbatia mwenyewe anaanza kuyumba yumba mbele nyuma, mbele nyuma. Hiyo kuyumba ikishaingia kutoka ni kazi.

Hapo sasa ndo mtego ulipo. Anakushika kidole. Anakulalia. Ukimtua analia kilio ambacho mzazi yeyote hapa akikisikia atasimama. Na wewe ni binadamu, unaanza kusema moyoni huyu wangu. Mimi niliwalea wawili wa kwanza namna hiyo, nikawapenda kupita kiasi, nikawachelewesha kwenda kwa wenzao kwa sababu kila wiki nilikuwa nikisema bado mdogo, bado mdogo. Waliponiacha walikuwa hawajui kukaa na tumbili wengine. Hawakujua nani umpishe njia. Hawakujua ukitazamwa machoni unatishwa, kwa sababu mimi siku zote nilikuwa nikiwatazama machoni nikicheka. Walipigwa vibaya. Mmoja hakupona. Huyo namuweka kwenye hesabu yangu mimi, hakufa kwa waya wala gari.

Tangu hapo kituoni tuna utaratibu, na kama ningekuwa na uwezo ningeuandika ukutani kwa rangi: siku mtoto anapoletwa ndo siku tunapoanza kumtafutia mama wa jinsi yake.

Tunaye jike mmoja wa tumbili alikatwa mkono kwa sababu ya stima, hawezi kurudi msituni maana kuruka kwa mkono mmoja hawezi. Tulimwita Zuhura. Huyu mnyama ameshalea watoto wengi wasio wake. Tunaweka keji mbili zikigusana, wavu katikati, kitoto upande huu, yeye upande ule. Hatumlazimishi. Siku ya kwanza anajifanya hamuoni, anakula zake. Kisha anasogea anapiga midomo, vile tap tap tap bila sauti, hiyo kwa tumbili ni salamu, ni kama kusema usiogope. Kitoto kinanikumbatia mimi kwa nguvu zaidi. Siku ya pili anapitisha kidole kwenye wavu anachambua manyoya ya mgongoni. Siku moja, inaweza kuwa ya nne inaweza kuwa ya kumi, kitoto kinaniachia kinaenda kwenye wavu chenyewe, na mi natoka taratibu nafunga mlango. Tukifungua kati Zuhura anakivuta anakiweka tumboni kwa huo mkono wake mmoja, na kuanzia saa hiyo mimi kazi yangu ni kuleta chakula na kuondoka bila kusema neno. Nimelia mara nyingi nyuma ya ile keji, sioni haya kusema. Lakini najua nalia kwa ajili yangu, yeye hana anacholilia.

Kwa nini lazima awe tumbili mwenzake? Kwani mimi siwezi kumfundisha? Hebu niwape mfano, na mfano wenyewe umetoka hapa hapa Kenya. Kule Amboseli wataalamu watatu, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, walirekodi kelele za tumbili za hatari wakaficha spika kwenye kichaka wakawapigia wenyewe zile kelele, matokeo wakayatoa mwaka 1980. Wakapiga kelele ya chui, wote wakapanda mtini. Wakapiga kelele ya tai, wakatazama juu, wengine wakaingia kwenye kichaka. Wakapiga kelele ya nyoka, wakasimama kwa miguu miwili wakaangalia kwenye nyasi. Chui hayupo, tai hayupo, nyoka hayupo, ni sauti tu. Maneno matatu, maana tatu. Na watoto wao hawazaliwi wakijua kuyatumia sawasawa, mtoto anapiga kelele ya tai kwa sababu jani limeanguka, wakubwa wanatazama juu, wanaona hakuna kitu, wanaendelea na kula, na yeye kidogo kidogo anajifunza lipi la kweli. Sasa mimi ntamfundishaje hiyo? Ntapanda mti? Ndo lugha yake ya mama hiyo, na mama mwenyewe hayuko, na lugha ya mama haifundishwi na mgeni.

Bibi zetu walitusimulia ile hadithi ya papa aliyetaka moyo wa kima, na kima akamwambia moyo sikuja nao, moyo nimeuacha mtini. Tulipokuwa wadogo tuliona ni ujanja wa kima tu. Mimi nikimtazama tumbili aliyefungwa kiunoni nyuma ya nyumba ya mtu huwa naona kasema kweli.

Niseme kidogo kuhusu kuluzu kwa sababu yeye ni tofauti na wengine wote na watu wanamchanganya. Huyu wa manyoya meusi na mabega meupe, wa bara humwita mbega. Hana kidole gumba. Haji mezani kwenu kuiba mkate, anayeiba ni kima na tumbili na nyani, kuluzu yeye anakula majani, machipukizi, maua, matunda mabichi, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, lina vijidudu vinavyochachua majani. Ndo maana anakaa sana, anakaa anachachua, watu wanasema mvivu. Ukimpa mkate au ndizi mbivu ile hali ya tumbo inavurugika anavimba na anaweza kufa kabisa, na wewe ulimpa kwa huruma. Mtoto wake anazaliwa mweupe pee, kama pamba, na huchukua kama miezi mitatu kugeuka rangi. Tangu mwaka 2020 kuluzu wetu huyu wamemuandika kwenye orodha ya dunia kwamba yuko hatarini, na Kenya anapatikana huku kwetu kusini mwa pwani, si kwamba yuko kila mahali.

Kitoto cha kuluzu kikiletwa kituoni pote panakuwa kimya. Kukilea kwa mkono ni kugumu kuliko vyote, lile tumbo la majani ukiliharibu siku mbili za kwanza hulirudishi. Kwa hiyo tunafanya haraka kumrudisha kwa kundi lake siku hiyo hiyo kama mama yuko hai au kama kuna jike yeyote atakayemchukua, maana majike ya kuluzu hupokezana watoto. Kuna siku nilikaa chini ya mkuyu kuanzia saa tano asubuhi na kitoto kwenye kikapu kilichofunikwa kanga, daktari yuko mbali na darubini, jua kali, siafu wananipanda, hairuhusiwi kusema. Kundi liko juu linatutazama. Saa saba hakuna kitu. Saa nane dume kubwa likatoa ile sauti yao nzito ya kukoroma, nikajua wamekasirika, nikasogea nyuma nikakiacha kikapu. Kitoto kikalia. Saa tisa na kitu jike mmoja akashuka tawi kwa tawi, akasimama, akarudi juu, nikasema basi, kimeharibika. Alafu akaja tena kwa kasi, sikuona vizuri, niliona tu manyoya meupe ya mabega yamefunguka kama shuka, akakinyakua akapanda. Dakika moja haikufika. Tulikaa mpaka magharibi tuone kama kinanyonya, kikanyonya. Siku hiyo kitoto kilikaa na sisi saa chache tu, na kwa maoni yangu hiyo ndo kazi bora kuliko miezi sita ya kulea.

Wale wanaokaa muda mrefu sasa, maisha yao ya kila siku ni haya. Chakula hatuweki kwenye sahani, tunakificha. Mchicha, matembele, viazi vitamu, karoti, maharagwe mabichi, karanga kidogo ndani ya matundu ya gogo, mbegu kwenye nyasi, kwenye chupa iliyotobolewa. Msituni mnyama huyu angetumia sehemu kubwa ya mchana kutafuta, sasa ukimuwekea sahani anamaliza dakika kumi na siku iliyobaki yote anaimalizia kwenye mwili wake, anajing'oa manyoya. Majani ya kuluzu tunayakata alfajiri yakiwa na umande. Na nyinyi mnaotuona tumevaa barakoa msidhani tunaogopa kuambukizwa na wao peke yake, mafua yangu mimi yanaweza kumuua mtoto wa kima, kifua kikuu kinapita kwa binadamu kwenda kwao, ndo maana mgeni mpya anakaa karantini apimwe kwanza, na mi nikikohoa siku hiyo siingii, nakaa jikoni nakata mboga.

Kurudi msituni hakurudi mmoja mmoja. Linarudi kundi, lililokaa pamoja mpaka likajua nani mkubwa nani mdogo. Linapelekwa mahali penye miti na maji, mbali na mashamba, na pasiwe na kundi jingine lililokwishajaa hapo. Wanakaa kwenye keji huko huko msituni kwa wiki kadhaa wasikie harufu na sauti za pale, alafu alfajiri moja mlango unafunguliwa. Wengine wanatoka kama risasi. Wengine wanakaa mlangoni mpaka adhuhuri. Baadhi wamevalishwa ukosi wenye redio tuwafuate miezi, na sitawaficha, si wote wanaoishi, wengine tai anachukua, wengine wanapotea. Nimeulizwa kama si bora wangebaki kituoni wakaishi salama, na nimelifikiria hilo usiku mwingi. Mimi nasema hapana. Ila wale kama Zuhura ambao mwili haukubali watakaa na sisi mpaka mwisho wao, na hao nao wana kundi, wana cheo, wana ugomvi wao na urafiki wao, na mtu hawagusi bila sababu ya dawa.

Na si sisi peke yetu. Wenzetu Lwiro, Kivu ya Kusini kule Kongo, walianza mwaka 2002 kupokea sokwe na kima walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi wakati vita bado vinawaka, na wanaowalea wanaongea Kiswahili kama sisi. Uganda kuna kisiwa cha Ngamba ziwani Victoria tangu 1998, hicho ni cha sokwe. Mwaka 2000 vituo vya Afrika vilikusanyika vikaunda umoja wao, PASA, na mwongozo wanaofuata kwa ufupi ndo huu nilokuwa nawaelezea, mnyama kwa wenzake, binadamu pembeni.

Sasa yenu nyinyi. Wanaofanya kazi hotelini, mtalii akitoa ndizi kwa kima mwambieni kwa heshima asifanye hivo. Kima aliyezoea mkono wa mtu atauingia mfuko wa mtu, atang'ata, na siku hiyo mtalii keshaondoka zake ila kima yuko hapa na anayepigwa manati ni yeye. Nyinyi watoto wenye manati mifukoni, nawaona, sitawataja. Mama mjamzito ukimpiga jiwe umeua wawili.

Mkikuta mnyama kaangukia chini na waya umekatika au yuko karibu na transfoma, msimguse, msije mkaungua na nyinyi, piga simu kwanza stima izimwe. Mkikuta kitoto peke yake kinalia mtini ngojeni kwa mbali, mara nyingi mama yuko pale anaogopa nyinyi. Mama akiwa amekufa kweli, mfunikeni mtoto kwa kitambaa, muwekeni mahali pa joto na kimya, msimpe chochote mdomoni, mtuite sisi au KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Na uking'atwa na mnyama osha kidonda kwa maji na sabuni dakika kumi na tano nzima alafu hospitali siku hiyo hiyo upigwe sindano ya kichaa cha mbwa, usingoje kidonda kivimbe.

Sheria ipo, ya mwaka 2013, kumfuga mnyama wa porini nyumbani bila kibali ni kosa. Lakini mimi sikuja na sheria leo. Najua kuna nyumba hapa karibu zina tumbili kafungwa nyuma ya jiko, najua kwa sababu hakuna kijiji nilichowahi kwenda nikakosa kuambiwa, na najua aliyemfunga anampenda, baba yangu naye hakuwa mtu mbaya. Mshike kiuno, pitisha kidole chini ya kamba uone kama kinapita.

Gari letu liko pale nje chini ya mwembe. Ndani mna kreti na blanketi, na daktari amekuja na mimi, yule dada aliyekaa mstari wa nyuma. Tutakaa mpaka saa kumi na moja. Njoo uninong'oneze tu ni nyumba gani, au mlete mwenyewe kwenye kikapu kimefunikwa, jina lako siliulizi wala siliandiki.